Uliza Shangazi: Kikoba chetu kinaenda China, na mimi chakula ndio naogopa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi ni kikoba cha akina mama hapa Majengo, Moshi, tuko kumi na nne. Mwaka huu baada ya kuvunja tulikubaliana hela isiishie kwenye mabati na sare za harusi, twende China. Wengine wanataka kuangalia mzigo kwenye maonyesho ya Guangzhou, wengine kama mimi tunataka tu kutembea na kuona, tumepanga siku kumi, tunaanzia Beijing, mwanzoni kabisa mwa mwezi wa kumi. Sasa shida yangu kwanza ni chakula, watu wananitisha mpaka nimeanza kuota usiku, eti nitapewa nyoka, eti mbwa, shemeji yangu kaniambia nibebe unga na dagaa la sivyo nitarudi mifupa mitupu. Na tuna wenzetu watano Waislamu, nao wanauliza. Shida ya pili, mwaka juzi tulienda Zanzibar siku nne tu na tulirudi kuna watu wawili hawasalimiani mpaka leo, chanzo bili ya pweza. Zanzibar siku nne ndio hivyo, China siku kumi itakuwaje? – Mama Mapacha, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye pweza nimecheka peke yangu ofisini, kwa sababu na sisi tulikuwa na pweza wetu, ila wa kwetu alikuwa samaki.

Tulienda watu kumi na sita, wa Arusha na wa Moshi, walimu wastaafu, wafanyabiashara, na wanakwaya wawili. Siku ya kwanza Beijing tulitawanyika kwenda kula kivyetu maana ndivyo tulivyozoea huku, unaingia mgahawani unaagiza sahani yako, wali kuku, unakula unaondoka. Basi walirudi hotelini wamenuna. Aliyeagiza nyama kaletewa bakuli la nyama tupu, aliyeagiza mboga kaletewa kilima cha mboga, wali hakuna kwa sababu wali kule unauagiza peke yake na mara nyingi unakuja mwishoni watu wameshashiba. Mama mmoja alinyooshea kidole picha ukutani, akaletewa samaki mzima, kichwa, mkia na macho, wa kutosha watu sita, akakaa naye anaangaliana naye. Bili ikaja ya watu sita. Yaani nikwambie, chakula cha China hakijapikwa kwa ajili ya mtu mmoja, ukienda peke yako ndio kinakushinda na kinakula hela. Ninyi mko kumi na nne, mnaona ni tatizo, kumbe hiyo ndio bahati yenu.

Kesho yake gaidi wetu (wasomaji wa nje ya Arusha msishtuke, huku ndivyo tunavyowaita wanaoongoza watalii na wala hawakasiriki) akatukalisha kwenye meza mbili za duara, zile zenye kioo kikubwa katikati kinachozunguka. Watu wanane, vyakula tisa, hiyo ndio hesabu yake, idadi ya watu ongeza kimoja. Kila sahani inawekwa kwenye kioo, kioo kinazunguka taratibu, ikifika kwako unachota kidogo tu kwenye kibakuli chako, unaiacha iende kwa mwenzio. Hujaipenda, haikudhuru, umeonja kijiko kimoja, inayofuata hiyo inakuja. Yule mama wa samaki akala samaki yuleyule, sasa tuko wanane, akaisha mpaka mashavu. Adabu yake haina mambo mengi, usizungushe kioo mwenzio bado anachota, na mkubwa wa meza ndio anaanza. Hii Wachaga hamhitaji kufundishwa, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo haianzi kwa mjukuu. Vijiti msiviache vimesimama wima kwenye wali, kwao inafanana na udi wa kumfukizia marehemu, vilaze pembeni.

Sasa vyakula vyenyewe. Nyoka walipigwa marufuku kuliwa mwaka 2020, na mbwa ni wa migahawa yake maalum, hakuna atakayekuletea kwa kushtukiza. Vya kila siku ni vitu ungeweza kula hata Rau. Kuna mayai ya kukaanga na nyanya, kila mgahawa unayo, hicho ndicho kilichotuokoa. Kuna majani mabichi yanakaangwa na kitunguu saumu moto mkali dakika moja tu, bilinganya laini kwenye mchuzi mzito, viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti za kiberiti. Kuna jiaozi, hizo ukizifikiria kama sambusa ndogo zilizochemshwa hujakosea sana. Asubuhi kuna uji wa mchele na andazi refu kama mkono, wanalichovya kwenye maziwa ya soya ya moto. Halafu bata wa Beijing, huyo msimkose hata kama bajeti imebana, mpishi anakuja naye mezani anamkata mbele yenu, ngozi inavunjika mdomoni kama biskuti, unafunga vipande kwenye kichapati chembamba kama karatasi na tango na kitunguu na mchuzi mtamu mweusi, unakula kwa mkono bila aibu.

Mkienda kwenye chungu cha moto, kile mnachochemshia wenyewe mezani, ombeni chungu chenye sehemu mbili, mchuzi mwekundu upande mmoja na mweupe upande mwingine. Kwenye ule mwekundu wanaweka pilipili za Sichuan ambazo haziwashi tu, zinatia ganzi, midomo inakufa kama umetoka kung'oa jino. Neno la kujilinda ni "bu la", isiwashe. Tulipoagiza chungu vikaja na vipande vya damu ya bata vilivyogandishwa, dada mmoja wa Kibosho akaruka kwenye kiti, mimi nikamuuliza kile kisusio, supu yetu ya damu, ulichokunywa Krismasi kilikuwa nini, soda? Akakaa. Hakula lakini alikaa.

Kitu cha kuogopa kweli, hasa kwa hao wenzenu watano, ni nguruwe. Ukisema nyama tu, "rou", bila kutaja mnyama, Mchina anaelewa nguruwe. Na anaingia mahali hujamtegemea, kasagwa kwenye maharage mabichi, kanyunyizwa juu ya tofu, kawa mafuta ya kukaangia. Kwa hiyo jifunzeni maneno manne kabla ya kupanda ndege: niurou ng'ombe, yangrou kondoo, jirou kuku, zhurou nguruwe. Na tafuteni alama ya qingzhen, ndiyo halali kwa Kichina, mwambieni mtu awaandikie herufi zake mbili kwenye karatasi kila mmoja aweke kwenye pochi. Migahawa hiyo iko karibu kila mji, hasa ya tambi za Lanzhou, kijana anavuta donge la unga kwa mikono, anakunja anavuta, mpaka zinakuwa nyuzi, supu ya ng'ombe juu yake. Beijing kuna mtaa wa Niujie wenye msikiti wa zamani sana, na chakula chote pale jirani hakina mashaka.

Ushauri wangu lakini, msiwatume Waislamu wakale kwao ninyi mkale kwenu. Hapo ndio kundi linapopasuka, jioni ya tatu tayari kuna "wao" na "sisi". Angalau jioni moja kati ya mbili nendeni wote qingzhen, mtu asipokula nguruwe siku kumi hafi. Na mkiweza kupenyeza siku mbili za Xi'an, nendeni mtaa wa Waislamu nyuma ya mnara wa ngoma mkale kitu kinaitwa paomo. Unapewa bakuli tupu na mkate mgumu, unaukatakata mwenyewe kwa vidole, vipande vidogo kama punje za mahindi, ukikata vikubwa mhudumu anaangalia bakuli lako anatikisa kichwa anakurudishia. Ukimaliza bakuli linaenda jikoni linarudi limejaa supu ya kondoo. Sasa huo muda wa kukata mkate, karibu nusu saa, ndio nilioupenda kuliko yote ya safari ile, tumekaa tumeinamia mabakuli kama wanawake wanaochambua maharage msibani, na stori zinatoka zenyewe, watu ambao tangu uwanja wa ndege wa KIA walikuwa wanasalimiana tu wakaanza kuambiana habari za watoto wao.

Unga na dagaa acha nyumbani. Forodha ya China ni kali kwa vyakula, haitaki nyama, samaki wabichi, maziwa, mayai wala matunda kutoka nje, na huo usiku wa kwanza ndio hutaki kuuanza kwa kufunguliwa begi. Beba majani ya chai na chupa ya kuhifadhi joto. Maji ya moto kule yako kila kona, hotelini, stesheni, ndani ya treni kuna bomba lake kabisa, maji baridi ndio utayatafuta. Sisi tulikuwa tunakunywa chai ya Tanzania kwenye treni ya kilomita 350 kwa saa, na haikumwagika.

Tarehe zenu zibadilisheni! Tarehe 1 mpaka 7 mwezi wa kumi ni sikukuu yao ya taifa, China nzima iko barabarani, hoteli ziko juu, na kwenye Ukuta Mkuu wa China mtasukumana kama stendi kuu siku ya kuamkia Krismasi. Anzeni baada ya hapo. Na hao wa mzigo wasiende Guangzhou kichwa kichwa, maonyesho ya msimu wa pili yanaanza tarehe 15 Oktoba lakini yako kwa awamu tatu, ya kwanza ni mashine na vitu vya umeme, ya pili vyombo na vitu vya nyumbani, nguo na vitambaa ni awamu ya mwisho, inaanzia tarehe 31. Mtu wa nguo akienda awamu ya kwanza atarudi anajua bei za jenereta tu. Chagueni awamu kwanza, halafu mpange Beijing irudi nyuma kutoka hapo.

Haya, pweza. Kabla ya safari kila mtu aweke kiasi kilekile kwenye mfuko wa chakula, mfuko huo unalipa meza, yaani vinavyozunguka kwenye kioo na chai. Kitu chochote kisichozunguka ni cha kwako, bia yako, ile pombe yao kali ya baijiu ambayo konyagi ni mtoto mbele yake, kamba wako mkubwa uliyemtamani. Bakshishi hakuna kule, msianze kubishana mwache nini. Kulipa ni kwa simu, Alipay au WeChat, unaunganisha na kadi ya Visa au Mastercard ukiwa bado Moshi, na wawe watu wawili wenye uwezo wa kulipa siyo mweka hazina peke yake, simu yake ikizima chaji mnakuwa watu kumi na nne mnaangalia bata. Na siku ya nne au ya tano wapeni watu mchana mzima wa uhuru, mtu alale, mtu aende dukani, mtu akae na hasira zake, mradi saa ya chakula cha jioni mezani wote mpo. Sisi waliokuwa wamegombana walirudishwa na kioo. Mwenzio hakusemeshi lakini sahani ya viazi iko upande wake na wewe unaitaka, utamwomba tu.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu mstaafu, magoti yangu hayana kazi tena, wanangu wananipeleka China na kundi la watu kutoka hapa Njiro. Nimefundisha historia miaka mingi, sitaki kuishia madukani. Ule Ukuta nitauweza kweli? – Mwalimu, Arusha

JIBU: Shikamoo mwalimu. Utauweza, ila usiende kwa kiburi cha kukulia chini ya Meru. Wa kwetu waliosema "sisi ni watu wa milima bwana" ndio waliokaa chini wa kwanza, maana ngazi za kule hazilingani, moja inakufika kwenye kifundo inayofuata kwenye goti. Ombeni mpelekwe Mutianyu, ni kama kilomita 70 kutoka Beijing, kuna magari ya kamba ya kupandia na kushukia, unatua juu kabisa, unatembea minara miwili mitatu, unakaa. Vijana wao washuke na vigari vya kuteleza, wapige makelele yao, wewe unawasubiri chini na chai.

Kwa mtu wa historia kasri la wafalme ndio penyewe, lile linaitwa Mji Uliokatazwa, lilijengwa 1406 mpaka 1420. Jumatatu linafungwa. Tiketi hazikatwi mlangoni, zinakatwa mapema kwa namba ya pasi yako na zinawahi kuisha, kwa hiyo wanao wasizembee. Unaingia kusini unatokea kaskazini, njia moja hairudi, karibu kilomita nzima ya nyua na mawe, sehemu za kukaa siyo nyingi, nenda taratibu. Na ukiwa ndani kumbuka hili: mfalme aliyelijenga, Yongle, ndiye aliyekuwa anamtuma Zheng He na merikebu zake mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea twiga. Twiga! Nimesimama pale kwenye ule uwanja mkubwa nikawa simuwazi mfalme wala masuria wake, nawaza aliyekuwa anamlisha huyo mnyama baharini miezi yote ile.

Wale askari wa udongo wa Xi'an ukipata nafasi usiwaache. Wakulima walikuwa wanachimba kisima mwaka 1974 ndio wakakutana nao, wanakadiriwa 8,000, na sura zao hazifanani. Kwenye kundi letu kila mtu alijipa kazi ya kutafuta ndugu yake, mama mmoja akampata marehemu mjomba wake safu ya tatu, na kwakweli ukimwangalia alikuwa ni yeye, hata ile pua.

Ila kama magoti yatakuruhusu kitu kimoja tu, basi asubuhi ya saa moja nenda bustani ya Hekalu la Mbingu pale Beijing. Hekalu ni zuri, ni la 1420 hilo pia, lakini mimi sikuambii kwa sababu ya hekalu. Wastaafu wa Beijing wote wako pale. Wanacheza karata, wanaimba kwaya chini ya miti, wanapiga danadana na kile kimpira cha manyoya, wengine wanaandika herufi chini kwa brashi kubwa na maji, inakauka wanaandika tena. Akina mama wanacheza muziki kwa mistari na wakikuona umesimama wanakuvuta mkono. Mzee mmoja aliniuliza natoka wapi, nikasema Tansangniya, ndivyo wanavyotamka, akainua mikono yote miwili akaigiza treni, chuku chuku, TAZARA hiyo, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa 1970 mpaka 1975. Kichina changu ni cha maneno manne ya nyama na Kiingereza hana, tulikaa kwenye benchi moja dakika ishirini tunachekeana tu na kuonyeshana picha za wajukuu.

SWALI: Aunt mambo, niko Sakina, naenda mwezi wa nne na vijana wenzangu wa kanisani, kumi na wawili. Nimesikia WhatsApp hakuna, sasa group letu tutawasilianaje? Na ni kweli wanakushika nywele? – Rasta wa Sakina

JIBU: Poa mwanangu. Kwa intaneti ya kule WhatsApp, Google, Instagram, vyote vimezuiwa. Laini yako ya huku ukiiwekea roming mara nyingi vinafanya kazi kwa sababu data inapitia nyumbani, ila bei yake iulize kabla. Fungueni WeChat wote mkiwa Arusha na mtengeneze group humo, usisubiri ufike. Wenzetu wa nyumbani wako nyuma masaa matano, ukipiga saa mbili asubuhi yako mama ataamka saa tisa usiku anadhani kuna msiba.

Nywele, ndio, hasa ukitoka miji mikubwa. Wataomba picha, wengine wataiba picha, bibi mmoja alinishika twende kilioni zangu kama anapima kitambaa. Wengi ni mshangao tu siyo ubaya, lakini na wewe ukichoka una haki ya kukataa, sema "bu yao" na tabasamu, tembea. Mkiwa kundi mnapeana zamu, leo wewe ndio wa picha.

Pawabanki yako iangalie ina alama ya 3C, ile ya usalama ya China, tangu Juni 2025 isiyo nayo hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China. Na plagi zetu za pini tatu kubwa haziingii kule, nunua adapta.

SWALI: Shangazi, mimi nilienda mwaka jana na wakala wa bei rahisi, kila siku tunapelekwa dukani, leo mawe ya jade, kesho hariri, keshokutwa chai, masaa mawili mawili tumefungiwa humo. Kasri la mfalme tulipita na basi. Nikanunua bangili ya jade kwa hela ambayo mume wangu haijui. Ni kawaida hii? – Nimeumia, Kiboriloni

JIBU: Pole mama, ni kawaida kabisa kwa safari za bei hiyo. Wakala anakuuzia safari kwa hasara halafu duka linamrudishia kwa kila kichwa anachokiingiza, ndio maana mlango unakuwa hauonekani. Mara nyingine mwambie akuandikie kwenye ratiba ni maduka mangapi na masaa mangapi, akianza kuzungukazunguka maneno tafuta mwingine. Na ukiwa Beijing ukafuatwa barabarani na vijana wachangamfu wanaojua Kiingereza wakakualika kunywa chai ya asili, wasalimie upite, hiyo bili ya chai itakufanya uione bangili ilikuwa bure.

Bangili yenyewe ivae. Usiipeleke kwa sonara kuipima, na mume akiuliza mwambie kikoba kilikupa.